Wajesuiti waliwapikuje Waprotestanti kwenye shule za Polandi? Mimi nasema ni "bure" tu

#1 Mpekuzi
Wakuu, habari. Naleta hoja, mnisulubu taratibu.

Polandi na Lithuania za karne ya 16 hazikuwa na uhaba wa shule. Akademia ya Kraków ilikuwepo tangu 1364. Walutheri walikuwa na gimnasia (shule za sekondari za Kilatini) Elbląg tangu 1535, Gdańsk 1558, Toruń 1568. Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, wakaja wamechelewa. Kardinali Stanisław Hozjusz aliwaleta Braniewo na masomo yakaanza 1565, kisha Pułtusk, Vilnius 1570, Poznań 1573, halafu Jarosław, Połock, Kalisz, Nieśwież. Papa alipolivunja shirika lao mwaka 1773 walikuwa na shule zaidi ya 60 kwenye jamhuri ile ya Polandi na Lithuania, na sehemu kubwa ya watoto wa waungwana ilikuwa imepita mikononi mwao.

Jibu langu ni fupi: hawakutoza ada. Mzazi yeyote anayeona shule mbili, moja ya kulipia na nyingine ya bure yenye walimu wazuri, atachagua nini? Mengine yote ni mapambo.

#2 Kitasa
Natia nanga hapa. Ngoja waje wenye fani.

#3 Bi Nyaraka
Mpekuzi, hiyo "bure" ilikuwa na bili, ila bili haikupelekwa kwa mzazi.

Katiba ya Wajesuiti inatofautisha aina mbili za nyumba. Nyumba ya wenye nadhiri kuu inaishi kwa sadaka na hairuhusiwi kuwa na mapato ya kudumu. Kolegio, yaani shule pamoja na makazi ya watawa wake, ndiyo inayoruhusiwa kumiliki mali. Kwa hiyo hakuna kolegio iliyofunguliwa kwa nia njema peke yake: askofu, mfalme au kabaila alitakiwa aweke wakfu kwanza, yaani vijiji, mashamba, viwanda vya kusaga nafaka, mabwawa ya samaki, zaka. Mkuu wa shirika kule Roma ndiye aliyepokea au kukataa wakfu huo. Mapato yakionekana hayatoshi, jibu lilikuwa "subirini", na mji ulisubiri miaka.

Na wakfu haukuwalisha walimu tu. Kolegio ya watu 20 au 30 ilikuwa na walimu wa madarasa wachache, wahubiri, waungamishaji, na mabruda wa jikoni, ushonaji, dawa na shamba. Wote hao walikula kutokana na vijiji, na vijiji vilifanyiwa kazi na wakulima waliofungwa kwenye ardhi, wanaodaiwa siku kadhaa za kazi kila wiki shambani kwa bwana. Bwana hapo ni kolegio. Mtoto wa mwungwana alisoma bure kwa jasho la mtoto wa mkulima.

Połock ni mfano mchungu. Mfalme Stefan Batory alipouteka mji kutoka kwa Ivan wa Moscow mwaka 1579, aliwapa Wajesuiti mali za monasteri na makanisa ya Waorthodoksi. Ugomvi wake ulidumu kuliko vita yenyewe.

#4 Mjuba wa Iringa
Bi Nyaraka kafunga mjadala kabla sijachemsha chai. Mpekuzi jibu bili hiyo.

#5 Mpekuzi
Silipi. Bili ya mkulima haigusi hoja yangu. Mzazi hakuiona, na mzazi ndiye aliyechagua shule.

#6 Kalamu ya Ndovu
Mnabishana juu ya pesa wakati jibu liko darasani. Shule ya bure mbovu hujaa mwaka wa kwanza tu. Tazameni Ratio Studiorum, mwongozo wa 1599 uliotanguliwa na rasimu za 1586 na 1591, mwone ulivyopangwa.

Madarasa ya chini ni matano: sarufi ya chini, ya kati, ya juu, kisha humanitas ambalo Wapolandi waliliita la ushairi, kisha retorika, yaani ufasaha wa kusema mbele za watu. Mtoto hapandi kwa umri. Anapanda kwa mtihani wa mwaka: anaandika akiwa darasani, kimya, halafu wanakuja watahini watatu. Akishindwa anabaki. Urefu wa masomo ni saa mbili na nusu kila asubuhi na nyingine mbili na nusu kila mchana, retorika angalau saa mbili na mbili.

Kazi yenyewe inaitwa praelectio. Mwalimu anasoma kifungu kizima kwa sauti, anaeleza maana kwa ufupi, anarudi sentensi moja moja kufungua sarufi, mwisho anaonyesha kitu cha kuiga. Kesho yake wanafunzi wanatoa kwa kichwa mbele ya dekurioni, mwanafunzi mwenzao anayesimamia kikundi cha kumi hivi, naye anaandika nani kakwama wapi. Mwalimu akiingia, daftari la makosa liko tayari mezani. Jumamosi ni marudio ya wiki nzima.

Juu ya hapo darasa limegawanywa kambi mbili, Roma na Karthago, mahasimu wa vita vya kale. Kila mtoto ana mpinzani wake upande wa pili, kazi yake ni kumnasa akikosea. Anayemshinda mpinzani wake anachukua cheo chake. Darasa la watoto 100 linaendeshwa na mtu mmoja, na hakuna anayesinzia, maana adui yuko macho.

Viboko havikutolewa na mwalimu. Ratio inaagiza awepo mwadhibu asiye Mjesuiti, ili mtoto asimchukie mwalimu wake. Hesabu ya kisiasa hiyo, lakini ilifanya kazi.

#7 Mtu wa Lamu
Kalamu, na vitabu? Maana Roma na Karthago bila kitabu ni ngumi tu.

#8 Kalamu ya Ndovu
Sarufi ni ya Mreno Manuel Álvares, iliyotoka 1572. Ina sehemu tatu: maumbo ya maneno, sintaksia, na urefu wa silabi kwa ajili ya ushairi. Wapolandi waliita kitabu chenyewe "alwar". Baada ya sarufi pana Cicero, msemaji wa Roma ya kale, kila mahali: barua rahisi kwenye sarufi ya chini, za kwa jamaa na marafiki kwenye ya kati, za kwa Atticus kwenye ya juu pamoja na insha yake ya urafiki na ya uzee. Ushairi ni Ovid aliyechujwa, kisha Virgil. Humanitas wanaongeza Kaisari, Sallust, Livy.

Kwenye humanitas, Ratio inasema asomwe Virgil isipokuwa Eclogae na kitabu cha nne cha Aeneid. Kitabu cha nne ndicho cha mapenzi ya Dido, malkia wa Karthago. Nusu ya darasa ni Wakarthago, na malkia wao kafichwa kabatini!

#9 Mjuba wa Iringa
😂😂 Karthago walionewa mara mbili.

#10 Bi Nyaraka
Kalamu, usiwape Wajesuiti kila kitu. Johannes Sturm, Mprotestanti, alikuwa na madarasa yaliyopangwa kwa ngazi pamoja na vikundi vya kumi kumi kule Strasbourg tangu 1538, na gimnasia za Gdańsk na Toruń zilifuata mkondo huohuo. Walimu wa pande zote walisoma vitabu vilevile vya Quintilian, mwalimu wa retorika wa Roma ya kale. Kama ni mbinu peke yake, pambano lingeishia sare.

Tofauti iko kwenye uendeshaji. Gimnasia ya Toruń ni ya baraza la mji: mwalimu akifa au akiondoka, mji unatafuta mwingine. Mjesuiti akifa Poznań, provinsiali, mkuu wao wa jimbo, anaandika barua na frateri, mtawa kijana ambaye bado si padre, anafika kutoka Kalisz akiwa na kitabu kilekile, ukurasa uleule. Provinsi ya Polandi ilisimama yenyewe 1575, ya Lithuania ikatengwa 1608, na walimu walizungushwa ndani ya provinsi kila baada ya mwaka au miwili.

#11 Kipanga
Na kuzungushwa huko ndiko kulikowaua baadaye. Frateri wa miaka 22 anapewa sarufi ya chini, anapanda na wanafunzi wake darasa kwa darasa, akianza kukomaa anaondolewa kwenda kusoma teolojia miaka minne. Mwalimu wa sarufi alikuwa daima kijana anayejifunzia juu ya watoto. Mwongozo mzuri huficha mwalimu dhaifu kwa muda. Haumfanyi kuwa mzuri.

Nikirudi kwa Mpekuzi: mimi siamini "bure" wala mbinu. Naamini familia. Shule ya Waprotestanti kwenye ardhi ya kabaila iliishi kadiri kabaila alivyobaki Mprotestanti. Mikołaj Radziwiłł aliyeitwa Mweusi alikuwa Mkalvini wa kufa na kupona, ndiye aliyegharamia Biblia ya Brest ya 1563. Mwanawe Mikołaj Krzysztof, maarufu Sierotka, akarudi Ukatoliki, akawajengea Wajesuiti kolegio Nieśwież mwaka 1584, na ramani ya kanisa lake ilichorwa na Giovanni Maria Bernardoni, Mjesuiti. Kizazi kimoja tu.

Kwa Waorthodoksi ni hivyohivyo. Konstanty Wasyl Ostrogski alianzisha akademia Ostróg mnamo 1576. Mjukuu wake Anna Alojza, mjane wa Hetmani (jemadari mkuu) Chodkiewicz, akawapa Wajesuiti kolegio mji uleule mwaka 1624. Akademia ya babu ikanyauka.

#12 Mtu wa Lamu
Akina mama hawa wanasahaulika sana. Jarosław pia wakfu ni wa mwanamke, Zofia wa ukoo wa Odrowąż.

#13 Mpekuzi
Kipanga, swali: kwa nini Sierotka alirudi? Kama shule ndiyo iliyomgeuza, basi umenirudia mimi. Kama hakugeuzwa na shule, shule imekuja kama matokeo na si chanzo.

#14 Kipanga
Alirudi 1567, Nieśwież bado haijajengwa. Kwa hiyo shule ni matokeo kwake, chanzo kwa waliomfuata. Vyote viwili vinakaa pamoja bila kugombana.

#15 Mjuba wa Iringa
Mnaongea kistaarabu mno. Hakuna aliyetaja kuwa vijana wa Wajesuiti walikuwa genge? Walibomoa kanisa la Waprotestanti Kraków 1591, lile la Bróg. Shule ya jirani ikichomwa, si utapata wanafunzi?

#16 Bi Nyaraka
Mjuba, 1591 Wajesuiti hawakuwa na shule ya wanafunzi wa nje Kraków. Walikuwa na nyumba ya wenye nadhiri kwenye kanisa la Mtakatifu Barbara. Wanafunzi waliohusika na Bróg ni wa Akademia ya Kraków pamoja na umati wa mjini.

Ila ukitaka kesi za wanafunzi wa Wajesuiti zipo bila kuazima. Poznań 1616, makanisa ya Waprotestanti yalibomolewa. Toruń 1724 ndiyo iliyotikisa Ulaya: Julai, siku ya maandamano ya kidini, mwanafunzi wa Wajesuiti aligombana na Walutheri waliotazama bila kuvua kofia, akakamatwa, wenzake wakamshika Mlutheri kulipiza, umati ukavamia kolegio na kuiharibu. Kesi ikapelekwa Warsaw. Tarehe 7 Desemba meya Johann Gottfried Rösner alikatwa kichwa, na Walutheri wengine tisa wakauawa. Kwa Wajesuiti wenyewe ilikuwa hasara kubwa ya jina, maana Prussia na Urusi walilitumia tukio hilo miaka mingi kama kisingizio cha kuingilia mambo ya Polandi.

#17 Kalamu ya Ndovu
Naongezea upande wa pili wa nguvu. Chuo cha Waarian, Wakristo waliokana Utatu, kule Raków, kilichofunguliwa 1602 na kuvutia wanafunzi kutoka nje ya nchi, kilifungwa kwa uamuzi wa Sejm, bunge la nchi, mwaka 1638 baada ya madai kwamba wanafunzi waliupiga mawe msalaba. Hapo hakuna mbinu wala ada. Kufuli tu.

#18 Mpekuzi
Sawa, lakini Gdańsk, Toruń na Elbląg hazikufungwa.

#19 Kalamu ya Ndovu
Kwa sababu ni miji ya Prussia ya kifalme, eneo lililokuwa chini ya mfalme wa Polandi, ina haki zake na kuta zake, na wanafunzi wake wengi wanaongea Kijerumani. Mwungwana wa Mazowsze, eneo la Warsaw, hakumpeleka mwanawe huko kwa wingi.

#20 Mtu wa Lamu
Mimi nina jibu la nne, au la tano, nimepoteza hesabu. Angalieni mwungwana yule anahitaji nini maishani. Si daktari, si mwanasheria wa kulipwa. Atasimama kwenye mkutano wa wilaya, labda kwenye Sejm, labda mahakamani, kwenye arusi na mazishi, na kila mahali atatakiwa kusema. Retorika haikuwa pambo kwake. Ilikuwa zana ya kazi kama upanga. Wajesuiti waliuza hasa kile soko lilichotaka: Cicero na mtihani wa kusimama mbele za watu.

Tamthilia za shule zilikuwa tangazo lao. Ratio inasema ziwe kwa Kilatini, chache sana, za mambo matakatifu, bila mhusika wa kike wala vazi la kike. Polandi zikawa nyingi, kati ya matendo wakapachika vichekesho kwa Kipolandi, na wakachapa muhtasari wa hadithi kwa Kipolandi ili mama aliyeketi mbele ajue mwanawe anasema nini. Sheria ya Roma ikifika Pułtusk ilikuwa imelegea njiani.

#21 Kitasa
Swali la mshamba: kwa hiyo mtoto akiongea Kipolandi shuleni?

#22 Kalamu ya Ndovu
Kulikuwa na kibao, nota linguae. Aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani alikabidhiwa, naye alikaa akivizia wa kumtupia. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa.

#23 Mjuba wa Iringa
Heee! Kumbe kile kibao cha "nimeongea Kiswahili" kina babu Ulaya!

#24 Bi Nyaraka
Mbinu hiyo ilikuwa ya shule za Kilatini kwa jumla, za Kilutheri pia. Usimtwike Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, peke yake.

Mpekuzi, kuna kitabu kinachojadili hoja yako ya #1 neno kwa neno. Wajesuiti walipofungua shule Kraków kwenye miaka ya 1620, Akademia iliwashtaki Warsaw na Roma. Mwanahisabati Jan Brożek akaandika kijitabu mwaka 1625, na jina lake ni "Gratis", yaani "bure" kwa Kilatini. Mwungwana na paroko wanazungumza juu ya huo ubure wa Wajesuiti, na paroko hauamini. Shule ile ilifungwa 1634. Poznań nayo Mfalme Sigismund III aliipa haki za chuo kikuu 1611, Mfalme Jan Sobieski akajaribu tena 1678, mara zote Akademia ikaweka mguu mlangoni. Lwów ilipata hati ya Mfalme Jan Kazimierz tarehe 20 Januari 1661, ikapingwa hivyohivyo hadi uthibitisho wa katikati ya karne ya 18. Ni Vilnius peke yake, ya 1579 chini ya gombera (mkuu) wake Piotr Skarga, iliyokaa juu bila kushushwa, kwa sababu Kraków ilikuwa mbali na Batory alikuwa karibu.

#25 Kipanga
Ndiyo maana wazo la "Wajesuiti dhidi ya Waprotestanti" lina kasoro. Adui wao mkubwa wa karne ya 17 kwenye shule alikuwa Mkatoliki mwenzao mwenye joho la Kraków. Na waungwana Wakatoliki waliomfuata Zebrzydowski kwenye uasi wa 1606 walidai pia Wajesuiti wapunguzwe nchini, wakiwaona washauri wabaya wa mfalme.

#26 Mtu wa Lamu
Kidogo nitoke nje ya mstari. Kuna yeyote wa shule hizi aliyefika pwani yetu?

#27 Bi Nyaraka
Michał Boym, mzaliwa wa Lwów, Mjesuiti wa provinsi ya Polandi. Alipanda meli Lisbon 1643 kwenda Uchina, na Januari 1644 akiwa kisiwa cha Msumbiji akaandika maelezo ya nchi aliyoiita Cafraria. Baadaye alichapisha Vienna kitabu cha mimea ya Uchina, Flora Sinensis, 1656. Pwani ya kusini, si Lamu, usijipendelee.

#28 Mtu wa Lamu
Nimepokea kwa masikitiko 😄

#29 Kipanga
Turudi kwenye kuoza kwa shule hizo, maana hakuna aliyeeleza. Vita vya Uswidi vilifagia vitabu mapema: maktaba ya Riga 1621, ya Braniewo 1626, zote ziko Uppsala, Uswidi. Kisha 1655 na baada yake vijiji vya wakfu vikachomwa au kubaki bila watu, na bei ya nafaka inayoshuka mto Vistula kwenda Gdańsk haikuwa ya kutegemewa. Mapato yakipungua, cha kwanza kupunguzwa ni walimu wakomavu. Kinachobaki ni alwar na hotuba za sifa kwa mfadhili. Mwalimu wa retorika alijua ajira ya kolegio inategemea tabasamu la kabaila, hivyo wanafunzi wakafundishwa kusifu: sentensi nusu Kilatini nusu Kipolandi, ngao ya ukoo imegeuzwa jua, mwezi na simba.

Stanisław Konarski, wa shirika jingine la watawa walimu, Wapiarista, alifungua Collegium Nobilium Warsaw 1740 na mwaka uliofuata akachapa kitabu dhidi ya uchafu huo wa usemaji. Wajesuiti wakaamka: historia, jiografia, Kifaransa, fizikia ya majaribio, observatori (nyumba ya kutazama nyota) ya Vilnius ya Tomasz Żebrowski mwaka 1753, chuo chao cha waungwana Warsaw 1752. Franciszek Bohomolec akaandika tamthilia za shule kwa Kipolandi kitupu na kuwacheka wanaochanganya lugha.

#30 Kalamu ya Ndovu
Na wakavunjwa wakiwa wameshajirekebisha. Papa Clement XIV alitia saini Julai 1773. Tarehe 14 Oktoba Sejm ikaunda Tume ya Elimu ya Taifa, kwa mali ya Wajesuiti. Fungu kubwa la mali hiyo likaliwa na tume za ugawaji hadi zilipofutwa 1776. Walimu wengi wa shule mpya walikuwa Wajesuiti wa zamani. Hata Grzegorz Piramowicz, katibu wa chama cha vitabu vya kiada, alikuwa mmoja wao.

Połock haikufungwa. Ilikuwa imeshaingia Urusi 1772, na Catherine II alikataa hati ya Papa isitangazwe kwake. Ikawa akademia 1812, ikafungwa 1820 Wajesuiti walipofukuzwa Urusi.

#31 Mpekuzi
Kwa hiyo tumepata: ada, vijiji, mbinu, usafirishaji wa walimu, makabaila, mawe, kufuli, na ulimi. Mimi bado niko kwenye ada. Tume ya Elimu nayo ilipochukua shule haikuthubutu kutoza.

#32 Bi Nyaraka
Kwa sababu ilichukua vijiji, Mpekuzi. VIJIJI.

#33 Kitasa
Kabla hamjapigana: Bohdan Khmelnytsky, kiongozi wa Wakozaki, alisoma kolegio gani ya Wajesuiti? Nasikia Lwów, nasikia Jarosław.

#34 Kipanga
Lwów.

#35 Kalamu ya Ndovu
Jarosław. Lwów imeanza 1608, yeye kazaliwa mnamo 1595. Jarosław ilikuwa imeshakomaa na ilipokea watoto wengi kutoka nchi za Warutheni, Waslavi wa mashariki wa jamhuri ile.

#36 Kipanga
Miaka 13 ndiyo umri wa kuingia sarufi ya juu, Kalamu. Hesabu yako inaisaidia Lwów.

#37 Bi Nyaraka
Popote alipokaa, alitoka na Kilatini chake na akabaki Morthodoksi. Mpekuzi, huyo naye alisoma bure. Mweke kwenye hesabu yako.